Detekta ya metali ufukweni Mwanza: jedwali la kupwa na kujaa halitakusaidia

Ndugu uliyeuliza lini uje kutafuta vitu kwa detekta ufukweni Mwanza, jedwali la kupwa na kujaa ulilopakua ni la Dar, na huku halina kazi. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Mvuto wa mwezi hulisogeza kwa sentimita chache tu, wakati pwani maji ya bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo) hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Huku kinachobadilisha ufukwe ni mvua na upepo. Baada ya masika, kuanzia Mei, ziwa huwa limejaa. Hushuka polepole hadi karibu na vuli. Kwa hiyo njoo Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, ufukwe ukiwa wazi zaidi. Tazama mawe, hata lile maarufu la Bismarck hapa Mwanza: mstari mweupe juu ya maji unakuonyesha yameshuka kiasi gani.

Mimi huenda alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaleta mawimbi. Napita palipokuwa ukingo wa maji wakati wa masika. Hapo hupata sarafu, ndoano na vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu, japo vizibo vya soda ndivyo vingi.

Ila usiingie majini peku, hasa penye majani na konokono. Kichocho kipo kweli.