DynaBook ilitangulia, 98NOTE ikafuata

Je, kampuni ya NEC, kwa mfululizo wake wa 98NOTE, ndiyo iliyoanza kuuza kompyuta za ukubwa wa daftari Japani? Hapana, si NEC walioanza. DynaBook J-3100SS ya Toshiba iliingia sokoni Japani katikati ya 1989, na PC-9801N, ile ya kwanza ya 98NOTE, ikaja Novemba mwaka huohuo. DynaBook ilikuwa na ukubwa wa karatasi ya A4, kilo 2.7, bei yeni 198,000. Haikuwa na diski ngumu, ila sehemu moja tu ya kutia flopi, yaani diski ndogo ya kuchomeka na kutoa.

Nadhani watu huchanganya kwa sababu NEC ndiye aliyelishika soko la kompyuta kule, na programu nyingi za Kijapani ziliandikwa kwa ajili ya PC-98, ile familia ya kompyuta za NEC. Nyingi zilitegemea flopi mbili, basi kwenye 98NOTE wakatia flopi moja na sehemu ya memori ikajifanya flopi ya pili. Ujanja mzuri sana ule, maana mtu alitumia programu zake zilezile safarini.

Ila kama kwako chochote cha ukubwa wa daftari kinahesabika, basi Epson HC-20 ya 1982 inawapiku wote, ingawa kioo chake kilionyesha mistari 4 tu.