Fundi Tujibu: Dabo DIN ni kampuni au ni nini?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nataka kubadilisha redio ya gari, kila ninayemuuliza ananiambia niangalie kwanza kama nafasi yangu ni DIN moja au dabo DIN. Alafu kwenye rilei ya taa naona namba 30, 85, 86 na 87, hamna anayeniambia zimetoka wapi. DIN ni kampuni ya redio?

JIBU: Nzuri ndugu. Hapana, DIN haitengenezi redio wala kitu chochote. Ni taasisi ya viwango ya Ujerumani, ilianzishwa Berlin mwaka 1917 na kazi yake ni kuandika vipimo ili kifaa cha kiwanda hiki kiingie kwenye cha kiwanda kile bila kupigwa msasa. Hata karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297, imetoka kwao mwaka 1922.

DIN moja ni uwazi wa kama milimita 180 kwa 50, dabo ni upana uleule ila urefu wa kwenda juu unakuwa 100. Ila kuwa makini hapa maana watu wengi wanaumia: kipimo hicho ni cha tundu la mbele tu, kina cha redio kwa nyuma kinatofautiana na plagi ya waya nayo inaweza isiingiliane, kwa hiyo pima nyuma ya dashibodi kabla hujatoa hela.

Sasa namba za rilei, yaani ile swichi inayowashwa na umeme badala ya kidole, hizi nazipenda sana na ningetaka kila mwenye gari azijue. Zimetoka kwenye kiwango cha DIN namba 72552. 30 ni moto (umeme) wa moja kwa moja toka betri, 87 ndo inayopeleka moto kwenye taa au feni, 86 na 85 ni ncha mbili za koili ndani (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku), 86 moto na 85 ethi, yaani upande wa hasi. Koili ikipata umeme inavuta kile kibati, 30 inagusana na 87, unasikia "tak". Ukiona 87a, hiyo inagusana na 30 wakati rilei imelala. Kwenye mchoro wa waya utakuta pia 15, moto unaokuja ukishawasha swichi ya ufunguo, na 31 ni ethi. Kwa hiyo taa zikigoma usianze kukata waya, weka testa kwenye 30 kwanza: kama hamna moto hapo hata ubadilishe rilei kumi hutapata kitu, fuata fyuzi.

Na kwa vile utafungua bolti, jua kwamba bolti ya M10 (unene wa milimita 10) ya DIN ya zamani inashika spana namba 17, ya ISO, taasisi ya viwango ya kimataifa, inashika 16, na zote zinaweza kuwepo kwenye gari moja. 17 ikicheza kwenye kichwa, usilazimishe, chukua 16.