Mwana kachanjwa mafua, je ana kinga?

Swali la leo latoka Lamu, kwa mama mmoja wa Langoni. Mwanawe wa miaka 3 kadungwa chanjo ya mafua kwa mara ya kwanza, nesi akamwambia "kinga bado, mrudishe baada ya wiki nne." Auliza: kwani chanjo na kinga si kitu kimoja? Mbona sote twasema "mtoto amepewa kinga"?

Dada, nesi hakukosea, si kiafya si kilugha. Chanjo yatoka kwa kuchanja, kulekule kwa kuchanja kuni, na zamani watu walikuwa wakichanjwa kweli, mkono wakwaruzwa dawa ya ndui yatiwa hapo, wazee wengine alama wanazo mpaka leo. Siku hizi ni sindano lakini jina limebaki. Kwa hivyo chanjo ni kile unachofanyiwa, kinga mwili wajitengenezea wenyewe. Mvua ikinyesha ukaweka ndoo chini ya mlizamu unakinga maji, si ndio? Kuweka ndoo ni mara moja, kujaa ni habari nyengine.

Na ndoo ya mtoto hujaa polepole. Wa miezi 6 mpaka miaka 8 akichanjwa mafua mara ya kwanza hupewa mbili, zikiachana wiki 4 au zaidi, sababu mwili wake pengine haujapata kukutana na kirusi cha mafua, ya kwanza ni kama kujulishana tu, ya pili ndiyo hupandisha kingamwili, yaani walinzi wa mwili wanaopigana na kirusi, zikatosha. Kijana wa miaka 20 kashaugua mafua utotoni na mwili unakumbuka, moja yamtosha, ila naye angoje kama wiki 2 hivi ndoo yake ijae.

Kuna wanaobisha ati "chanjo ya mafua" ni makosa, lazima useme "dhidi ya". Jamani, dawa ya mbu yatibu mbu? Iacheni. Kinachonikera mimi ni "machanjo", ni chanjo hii, chanjo hizi, basi. Na ile methali "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" msiilete hapa, hiyo ni kinga cha moto, ukuni unaowaka, wingi wake vinga.

Kwa hivyo dada, ukiulizwa na jirani sema "kachanjwa mafua, bado moja." Hiyo "amepewa kinga" iweke kwanza mpaka arudi.