Mtoto mchanga akiguna usiku, usikimbilie kumnyanyua

Kila aliyekuja kumwona mtoto wetu wa kwanza aliuliza, "Anawaacha mlale?" Ukweli ni kwamba yeye alilala sana, sisi ndio hatukulala. Kichanga hulala kama saa 14 hadi 17 kwa siku nzima, ila kwa vipande: mara saa mbili, mara saa tatu, mara dakika arobaini tu, kisha anataka kunyonya. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Kuamka usiku si deko wala tabia mbaya, ni njaa.

Kati ya ushauri wote tuliopewa, uliotufaa zaidi ni huu: karibu nusu ya usingizi wa mtoto wa umri huo ni usingizi mwepesi. Akiwa humo hatulii. Anakunja uso, anatabasamu, anarusha mikono, anaguna kama mtu anayenyanyua gunia. Macho yanafumbuka nusu. Pumzi zinakwenda mbio, zinasita sekunde chache, halafu zinaendelea. Ukimtazama utaapa ameamka, kumbe bado amelala, na ukimnyanyua wewe ndiye uliyemwamsha.

Kwa hiyo akiguna, ngoja kidogo. Mwangalie, usimguse, usiwashe taa. Mara nyingi hujinyoosha, akashusha pumzi na kuendelea. Sisemi umwache alie. Mtoto wa wiki chache akilia anachukuliwa, na hadeki kwa kubebwa. Mwenye njaa hujulikana hata kabla ya kilio: anageuza kichwa kutafuta ziwa, analamba midomo, anatafuna ngumi. Huyo mpe, usisubiri. Na katika siku za mwanzo, kabla hajarudia uzito aliozaliwa nao, hata akilala fofofo anaamshwa anyonye kila baada ya saa mbili au tatu, mpaka mkunga au daktari aseme inatosha.

Usingizi huo mwepesi ndio pia unaotuchezea wakati wa kumlaza. Sisi watu wazima tukilala huanza kuzama. Kichanga huanza na ule mwepesi. Amelala mikononi, unamshusha, macho hayo! Jaribu kunyanyua mkono wake taratibu kisha uuachie. Mkono ukiwa mlegevu kabisa, ameshazama, mshushe. Ukikaza, endelea kumbembeleza.

Mchana na usiku yeye havijui. Saa ya mwili wake huanza kushika kwenye miezi miwili au mitatu, na kabla ya hapo unachoweza ni kumwonyesha tofauti. Mchana fungua mapazia, ongea naye, acha vyombo vigongane. Usiku taa iwe hafifu, maneno machache, nepi ibadilishwe tu ikiwa ina choo au imelowa sana. Mama mkwe alitaka nyumba nzima inong'one mchana kutwa; kwa heshima zote, redio haikuzimwa.

Mahali pa kulala ndipo ambapo sibembelezeki. Mtoto alazwe chali, kila usingizi, hata ule mfupi wa mchana. Godoro liwe gumu na tambarare, lisiwe na mto, blanketi zito wala mdoli. Wengi huhofia kwamba akilala chali atapaliwa akicheua. Lakini akiwa chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi ni vigumu kupanda hadi huko. Akilala kifudifudi mambo hugeuka. Uingereza ilipoanza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana.

Alale chumba kimoja nanyi, lakini kwenye kitanda chake, angalau miezi sita ya kwanza. Na usiku wa manane usimnyonyeshe kwenye sofa kama macho yanakufumba, maana kupitiwa na usingizi hapo na mtoto kifuani ni hatari kuliko hata kitandani. Kama unamviringisha shuka ili asishtuke, acha mara tu anapoonyesha dalili za kutaka kujigeuza.

Kuhusu wewe mwenyewe: gawaneni zamu. Mke wangu akishanyonyesha, kucheulisha na kubadilisha nepi vilikuwa vyangu, naye akarudi kulala papo hapo.

Upo usingizi mmoja wa kuutilia shaka. Mtoto akilegea, ukimwamsha anyonye haamki, au akiwa chini ya miezi mitatu na joto la nyuzi 38 au zaidi, mpelekeni hospitali usiku huohuo.