Vilima vitatu vya vibua vilivyopandiana: nivitenganishe vipi?

SWALI: Nimepima urefu wa vibua 412 kwenye diko la Tumbe, Pemba, kwa mwezi mmoja. Histogramu ina kilele kwenye sentimita 14, kingine 18, halafu bega karibu na 21. Nikiiagiza programu ipitishe mikunjo mitatu ya umbo la kengele, mmoja kwa kila kilima, kila nikiiendesha inanipa majibu mengine. Safari moja kengele ya tatu ilitanuka ikafunika histogramu nzima. Nimekosea wapi?

JIBU: Kengele tatu zina namba tisa za kutafutwa, kwani kila moja ina idadi yake ya samaki, wastani wake na mkengeuko sanifu wake (kipimo cha jinsi ilivyotanuka). Ukiziacha zote huru, pale kwenye bega hakuna cha kuzizuia.

Anza na kilele cha 14, maana kimesimama peke yake. Pima upana wake kwenye nusu ya kimo. Tuseme unatoka 12.8 hadi 15.6, yaani 2.8, gawa kwa 2.355 upate mkengeuko wa takriban 1.2. Huo ni asilimia 8.5 ya wastani. Sasa zifunge kengele zote zitumie asilimia moja ya pamoja, ukianzia na hiyo: ya 18 itakuwa na 1.5, ya 21 itakuwa na 1.8. Namba za kutafuta zinashuka kutoka tisa hadi saba. Kwenye R, programu ya takwimu, pakiti ya mixdist inaifanya kazi hii kwa sharti la "CCV" (yaani asilimia ileile kwa kengele zote), nayo huanzia kwenye makadirio unayoipa wewe. Ipe 14, 18 na 21, usiiache ibahatishe.

Hapo utaona pia kwa nini ni bega, si kilele: 18 na 21 zimeachana kwa sentimita 3, yaani takriban mikengeuko 1.8 tu. Kengele mbili zinazolingana zikiachana kwa chini ya mikengeuko 2, bonde halionekani kabisa.

Jaribu vilevile kengele mbili tu. Ya tatu inastahili kubaki ikiwa AIC (alama inayopima modeli inavyolingana na data huku ikiadhibu namba za ziada) inashuka, na masalia (tofauti kati ya histogramu na mkunjo) ya 20 hadi 22 hayaelemei tena upande mmoja.

Lakini kabla ya yote, tazama nguzo za 15 na 20. Zikiwa zimezipita jirani zake ghafla, mpimaji alikuwa akikadiria kwa macho, na hakuna hesabu itakayoliponya hilo. Wala usichanganye samaki wa nyavu za macho tofauti, kwani kila jicho lina kilima chake.