Tanki la dizeli linavuja, na fundi anataka kuingiza moshi wa ekzosi

Swali: Naendesha Canter ya zamani ya tani tatu na nusu, tanki la chuma la lita 100. Linavuja chini, karibu na mkanda wa chuma wa nyuma unaolishikilia. Napaka sabuni ya mche, inashika siku mbili tatu kisha inaachia. Fundi wa hapa anasema hana haja ya kuliosha: ataliingizia moshi wa ekzosi dakika kumi kufukuza hewa, halafu achomelee. Eti dizeli si petroli, hailipuki. Nimruhusu? (Dereva, Makambako)

Jibu: Usimruhusu. Injini ya dizeli ikiunguruma bila mzigo huvuta hewa nyingi kuliko inayotakiwa kuunguza yale mafuta kidogo. Moshi wake hutoka ukiwa bado na oksijeni ya asilimia 15 au zaidi, wakati hewa tunayovuta ina 21. Hapo hajafukuza kitu.

Na dizeli hailipuki pale tu inapokuwa ya baridi. Ikifika nyuzi 55 au 60 hivi, mvuke wake unashika moto, na bati linalochomelewa linapita hapo kwa mbali. Mafuta yaliyojibanza kwenye mishono na nyuma ya vizuizi vya ndani (bati za kuzuia mafuta yasichapechape) yanageuka mvuke papo hapo. Kwa tanki la lita 100, vijiko viwili vya chai vinatosha kulilipua. Ndiyo maana tanki tupu lisilooshwa linaogopwa kuliko lililojaa.

Sabuni haina kosa. Haiyeyuki kwenye dizeli, ndiyo maana inashika. Bali huyeyuka kwa maji, na tairi likirusha maji ya mvua kazi imekwisha. Ni ya kukufikisha nyumbani.

Kabla ya kushusha, hakikisha panapovuja. Mafuta yanaweza kutoka juu kwenye gasketi ya geji ya mafuta au mpira wa kurudishia mafuta, yakateremka ubavuni na kudondokea kwenye mkanda. Futa tanki likauke, paka unga wa chaki, washa gari, utazame mstari wa unyevu unaanzia wapi. Kama linavuja likijazwa tu, anza na gasketi ya geji.

Likiwa ni tanki kweli, mwaga mafuta yote kwenye madumu yenye mifuniko. Lita 100 ni kilo 84 hivi, si za kubeba ukiwa chini ya gari. Chomoa waya hasi wa betri. Tia alama mpira wa kwenda na wa kurudi kabla ya kuuchomoa. Boliti za mikanda zinakuwa zimeshikana kwa kutu: sugua nyuzi kwa brashi ya waya, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, ziache usiku kucha. Ikigoma, kata kwa msumeno wa mkono, si grainda wala gesi. Weka ubao juu ya jeki chini ya tanki, kisha ndipo ulegeze mkanda wa mwisho.

Kuosha ndiko kazi yenyewe. Toa geji na nati ya kumwagia. Mimina maji ya moto lita 15 na sabuni ya unga robo kilo, ingiza kipande cha mnyororo, tikisa sana. Kokoto zinakwama kwenye vizuizi. Mnyororo unavutika kutoka. Rudia mpaka maji yatoke bila rangi ya mafuta, kisha suuza.

Sasa lipindue, tundu linalovuja liwe juu. Tundu la geji litakuwa chini, lifunge kwa sahani na gasketi. La nati ya kumwagia, ambalo sasa liko juu, liache wazi ili mvuke utoke. Jaza maji mpaka yabaki sentimita mbili au tatu kufikia bati. Ukijaza hadi mwisho, maji yatanyonya joto na kiungo hakitashika.

Chini ya mkanda bati huwa limeliwa kuliko linavyoonekana. Lichokoe kwa msumari. Linapobonyea, kata uondoe. Kiraka kipite sentimita mbili juu ya chuma kizima pande zote. Tumia shiti nyeusi ya milimita 1.2, kamwe usitumie bati la kuezekea: zinki yake huchanganyika na dizeli ikazaa utelezi unaoziba filta na nozeli. Umeme hutoboa bati jembamba, kwa hiyo afadhali gesi na vijiti vya shaba.

Kabla ya kulifunga, weka ukanda mpya wa mpira chini ya kila mkanda. Ule wa zamani ndio uliokuwa unashika tope na maji.

Swali: Naweza kupima tanki kwa kompresa ya tairi? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Kwa upepo mdogo tu, pauni tatu kwa inchi ya mraba basi. Hesabu mwenyewe: ubavu wa sentimita 60 kwa 40 ni sentimita za mraba 2,400, na kwa pauni tatu unasukumwa kwa takriban kilo 500. Ukiongeza, tanki linavimba na mishono inaachia. Paka povu la sabuni, tazama mapovu. Pampu ya baiskeli inafaa kuliko kompresa.

Swali: Tanki langu lilizibwa vizuri, lakini mafuta yakifika nusu gari linazima. Nikijaza linawaka. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Huenda mipira imebadilishana. Kwenye matanki mengi bomba la kurudishia ni fupi, linaishia juu zaidi, na la kuvutia linafika karibu na sakafu. Injini ikivuta kwenye lile fupi, mafuta yakishuka inavuta hewa. Badilisha mipira, kisha toa hewa: legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kaza. Ukipiga stata usizidishe sekunde 15 kwa mara moja. Ipumzishe dakika moja. Na kama gasketi ya geji ilikatwa kwenye tyubu ya tairi, ibadilishe sasa hivi, kwa maana dizeli huivimbisha. Tafuta mpira unaostahimili mafuta.