Kwa walimu wapya wa Jiografia: Mwezi haufundishwi kwa picha ya Ngorongoro

Walimu wenzangu mlioripoti Tanga muhula huu, kila ninapokagua maandalio ya somo la mfumo wa jua ninakutana na zana ileile: picha ya Ngorongoro, eti kueleza mashimo ya Mwezi. Nawapenda, lakini picha hiyo iacheni.

Kwanza, Ngorongoro ilitokea volkano ilipoporomoka, ilhali mashimo ya Mwezi, karibu yote, yalichimbwa na miamba ya angani iliyougonga. Shimo la Tycho, lenye upana wa kilomita 85 hivi, lina kilima katikati kwa sababu sakafu iliyokandamizwa na kishindo ilifumuka kurudi juu. Mwanafunzi wako ataandika kuwa ni mdomo wa volkano, nawe utamwekea kosa ulilomfundisha mwenyewe.

Pili, volkano msiifute kabisa: mabaka meusi ni lava iliyojaza mabonde ya migongano, sehemu kubwa yake ilimwagika zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita, hasa upande unaotuelekea, ambako ganda ni jembamba.

Tatu, msipeleke darasa kutazama Mwezi ukiwa mpevu. Hili nalisema kwa aibu. Niliazima darubini, nikawaalika mkuu wa shule na wazazi ufukweni Raskazone, nikaamini kwamba penye mwanga mwingi ndipo pa kuona mengi. Waliona sahani nyeupe inayoumiza jicho, kwa kuwa wakati huo Jua humulika kutoka nyuma yetu na vivuli havionekani. Mzazi mmoja, mvuvi, aliniuliza kwa adabu kama chombo kile kilikuwa kizima. Nikasingizia chumvi ya bahari kwenye lenzi, na asubuhi nikaurudia uongo huo ofisini, mbele ya mtu aliyeniazima darubini ikiwa safi. Vivuli virefu hupatikana kwenye mpaka wa mwanga na giza, Mwezi ukiwa nusu. Siku hizi tarehe naipata kwa wavuvi wa Sahare: bamvua, maji makuu ya Mwezi mpevu na mwandamo, nakaa nyumbani; maji mafu, ya Mwezi nusu, yakikaribia natoka.

Nne, asili ya Mwezi. Nadharia inayokubaliwa na wengi ni kwamba miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita Dunia changa iligongwa na Theia, sayari inayokadiriwa kulingana na Mirihi kwa ukubwa, na mabaki yakakusanyika kuwa Mwezi. Msiishie kuichora ubaoni, daini ushahidi. Uwiano wa isotopu za oksijeni, yaani aina zake zinazotofautiana kwa uzito, katika mawe yaliyoletwa na safari za Apollo unafanana mno na wa Dunia, na kiini cha chuma cha Mwezi ni kidogo, kwa kuwa mabaki hayo yalitoka hasa kwenye tabaka za mawe za nje. Hapo ndipo penye maksi.